Shahidi wa Mama Gazeti

"Linasomwa na kila mtu kutoka Hola hadi Kipini, na halijawahi kusema uongo."

Maneno hayo Dama Kaviha aliyaandika kwa wino wa zambarau juu kabisa ya gazeti lake, chini ya jina Sauti ya Kivuko, akayapigia mstari mara mbili ili mtu asije akadhani ni mzaha.

Haya, tuanze na huyo "kila mtu". Mwaka ule wa 1956 gazeti lilikuwa likitoka nakala arobaini kila baada ya wiki mbili. Nane zilikwenda kwa walimu wa Kulesa, Wema na Ngao, ambao walisoma makosa ya herufi kwanza, habari baadaye. Moja ilichukuliwa bure na karani wa D.O., ofisa wa wilaya, kwa sababu siku zile za hali ya hatari serikali ilitaka kujua kila karatasi nchini inasema nini, hata karatasi inayosema kiboko ameingia shamba la mpunga. Mbili tatu zilinunuliwa na wasafiri waliokwama kivukoni na kuchoka kutazamana. Zilizobaki, Elmi mwenye duka alizichukua kwa mafungu akafungia sukari. Kwa hiyo si uongo kwamba Sauti ya Kivuko iliingia karibu kila nyumba ya Garsen. Iliingia, ila ikiwa na sukari ndani.

"Mama Gazeti," Elmi alikuwa akimwambia kila akizipokea, "karatasi yako nzuri, wallahi. Haivuji."

Dama hucheka naye. Akifika kwake hana wa kucheka naye tena, kwa hiyo humaliza njiani.

Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya feri, vyumba viwili na jiko la nje. Mumewe, mwalimu Josiah, alifariki kwa homa mwaka wa hamsini na tatu, akamwachia vitu vitatu: nyumba hiyo, chupa za wino wa zambarau, na sahani pana ya bati aliyokuwa akinakilia mitihani ya shule. Shemeji zake walikuja kutoka Kulesa kumchukua arudi kwenye migomba ya ukoo. Akakataa. Atafanya kazi, akasema. Kazi gani? Ya gazeti. Shemeji mkubwa alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa, na alipokwisha kukaa akacheka tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua vipande vya ngozi ya ng'ombe, unavichemsha siku nzima mpaka vitoe gundi, na mpaka majirani wahamishe mikeka yao upande wa pili. Unachuja, unatia glisirini na sukari, unamimina kwenye sahani, inaganda kama halua. Unaandika ukurasa wako kwa wino wa zambarau, unaulaza kifudifudi juu ya ile halua, inanyonya wino. Baada ya hapo kila karatasi tupu unayoilaza inaondoka na maandishi. Ya kwanza hutoka imekoza, ya ishirini hutoka imechoka, ya arobaini unaweza kuapa ni kivuli cha maandishi. Hizo za mwisho Dama aliwauzia wasiojua kusoma. Hawakuwahi kulalamika.

Tatizo ni joto la Garsen. Jua likishapanda, halua inarudi kuwa uji. Ndiyo maana Dama aliandika na kunakili alfajiri, na ndiyo maana alipokuwa akiandika alikuwa akisema maneno kwa mdomo, taratibu, neno baada ya neno. Nyumba ilikuwa kimya mno saa hizo. Bila ya kusikia sauti ya mtu, hata kama mtu mwenyewe ni yeye, mkono ulikuwa hauendi. Akimaliza huteleka chai. Miaka mitatu sasa, na bado mkono ulikuwa ukipima maji ya vikombe viwili. Kile cha pili alikimwaga kwenye mnanasi ulioota kando ya jiko, na mnanasi ule ulinenepa kuliko yeye.

Sasa tuje kwenye uongo.

Habari za Garsen zilikuwa kivukoni. Kila aliyetoka Malindi kwenda Lamu, kila ng'ombe, kila gunia, lazima apande ile feri ya kuvutwa kwa kamba. Dama alikaa pale na daftari lake. Wapokomo wenzake walimpa habari za mahindi na maji, na nyingi alizijua tayari. Habari kubwa, za mvua, malisho, magonjwa na mapigano ya visimani, zilikuja na wafugaji Waorma, na kwa Waorma habari ina mlango wake. Ukikutana na mtu, duru ya kwanza ni amani tupu. Nyumbani? Nagaa. Watoto? Nagaa. Ng'ombe? Nagaa. Nyumba iwe imeungua na nusu ya ng'ombe wamekufa, jibu ni nagaa. Kisha mwenyeji huleta maziwa au chai, mnakunywa, na kikombe kikishawekwa chini mwenyeji huuliza kwa sauti ndogo: nyuma ya amani kuna nini? Hapo ndipo habari yenyewe hutoka. Usipouliza, mgeni hasemi, maana si adabu kumbebesha mtu msiba ambao hakuuomba.

Dama aliijua desturi hiyo kama alivyojua njia ya mtoni. Lakini nani atakunywa chai na mwanamke mwenye penseli, anayenuka ngozi iliyochemshwa? Walimpa duru ya kwanza, nagaa, nagaa, feri ikafika, wakaenda zao. Naye akaandika alichopewa. Ndivyo Sauti ya Kivuko ilivyotangaza kwamba mifugo yote ya ng'ambo ni mizima yenye afya, katika wiki ambayo Bishar alirudi kutoka huko huko na ngozi mia moja na ishirini kwenye lori.

Bishar alikuwa Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, ndevu nyekundu kwa hina, sauti ya kuita watu ng'ambo. Alisimama mbele ya duka la Elmi, gazeti mkononi.

"Mama, hapa unasema ng'ombe wazima."

"Ndivyo nilivyoambiwa, kaka."

"Nani ameona?"

"Watu wa feri."

"Watu wa feri hawana jina? Mimi nikikwambia mvua imenyesha, nasema fulani ameona, mtoto wa fulani. Unakwenda unamuuliza. Habari haina mtu, hii ni upepo." Akamgeukia Elmi. "Nifungie sukari, lakini usifungie na hii. Nitakunywa chai ya uongo."

Watu wakacheka. Dama naye akacheka. Akarudi nyumbani, akakaa mbele ya sahani ya bati mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni.

Toleo lililofuata aliwaomba wasafiri majina. Wakamtazama kama kwamba ameomba meno yao. Jina likishaandikwa, kila mtu alijua, kodi hufuata. Hakupata hata moja. Alichopata ni maneno ya wanawake wawili wa Kiorma waliokuwa wakishuka kwenda kwenye feri, wakimtaja mtu mmoja: Hiribae, yule wa ng'ombe mweupe anayechechemea. Wanawake wale walikuwa bado wanaongea feri ilipoondoka nao, na maneno yaliyobaki yakaenda na maji.

Alfajiri ile Dama aliandika: "Malisho ya upande wa mashariki yamekauka. Aliyeona: Hiribae, mwenye ng'ombe mweupe."

Malisho yalikuwa yamekauka kweli, kila mtu aliliona vumbi. Bishar akasoma, akatikisa kichwa, akasema hapo sawa. Basi toleo la pili Hiribae akaona mtumbwi uliozama Idsowe. La tatu akaona na kusema neno. La nne akaandika barua nzima, na baada ya hapo hakunyamaza tena.

"Nimeona kwa macho yangu," aliandika Hiribae kwa mkono wa Dama, "feri ikikwama katikati ya mto kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Kijana mmoja aliposa humo ndani, wakakubaliana mahari, na kabla kamba haijatengenezwa wakawa wameshagombana na kurudishiana maneno. Ng'ombe wangu Karani aliyaona yote. Nimempa jina hilo kwa sababu hafanyi kazi na hula wa kwanza."

Karani wa D.O. alituma mtu aje kuchukua nakala mbili.

Nakala arobaini hazikutosha. Dama akatafuta sahani ya pili. Elmi akawa anafungia sukari kwa majani ya mgomba na kulalamika kama mtu aliyeibiwa. Siku ya gazeti watu walijaa kwenye ua wa Dama, wa mashamba na wa mifugo, wamekaa chini, wakisubiri asome. Walicheka, walibishana, walipigana mabega. Mmoja alileta salamu kwa Hiribae, mwingine alileta ushauri juu ya mguu wa ng'ombe, bibi mmoja wa Idsowe akaleta kibuyu cha samli, mpe Hiribae, mwambie anikumbuke. Dama aliipokea samli kwa niaba yake, akaila peke yake.

"Hiribae anakuja lini, mama?" waliuliza wakiondoka.

"Yuko njiani."

"Mwambie tumemsalimu sana."

Wakitoka hao, ua ulibaki na alama za walipokaa. Kati ya watu wote wale, hapakuwa na mmoja aliyewahi kugeuka mlangoni akasema, na wewe mama, u hali gani? Dama alichukua ufagio akafagia alama zile. Kisha siku nyingine hakufagia. Akaziacha mpaka upepo uziondoe wenyewe.

Kufika mwaka wa hamsini na saba alikuwa na wazo ambalo hakuna mwanamke wa mto ule aliyelisema kwa sauti: kitabu. Barua zote za Hiribae, kurasa thelathini na mbili, zimeshonwa kwa uzi wa mkonge, na gamba la karatasi ya kahawia. Jina, Maneno ya Hiribae. Na chini yake, kwa herufi ndogo za kuona haya, yameandikwa na D. Kaviha. Alikuwa amefika ukurasa wa ishirini Gumato alipovuka mto.

Ilikuwa mwezi wa Juni, maji ya Tana yameanza kushuka. Mwanamke wa makamo, mwembamba, fimbo mkononi, kibuyu cha maziwa mgongoni, miguu meupe kwa vumbi mpaka magotini. Alisimama nje ya ua hakuingia.

"Hapa nyumba ya gazeti?"

"Ndiyo hapa. Karibu, dada. Nyumbani nagaa?"

"Nagaa."

"Watoto nagaa?"

"Nagaa."

"Ng'ombe?"

"Nagaa. Mimi ni Gumato. Ndugu yangu ni Hiribae, mwenye ng'ombe mweupe. Watu wanasema hapa anaongea."

Dama angeweza kusema ukweli pale pale. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini ukimtazama Gumato ulimwona mtu aliyetembea siku tano, na nyuma ya Gumato uliuona ua mtupu, na ua mtupu Dama alikuwa ameutazama miaka minne.

"Amesafiri," akasema. "Yuko upande wa Idsowe. Atarudi Ijumaa."

Gumato alimtazama muda, kama mtu anayetazama ng'ombe anayetaka kumnunua na hajaridhika na meno.

"Basi nitangoja," akasema, akaingia.

Siku ile Dama alipika chai ya vikombe viwili, na vikombe viwili vikanywewa. Mnanasi ulilala na kiu. Wakanywa, Gumato akaweka kikombe chini, akaunganisha mikono mapajani, akamtazama mwenyeji wake. Alikuwa akingoja. Dama alijua anangoja nini, hata mtoto wa kivukoni angejua. Ni maneno machache tu, sauti ndogo, nyuma ya amani kuna nini? Lakini akiuliza, mazungumzo yatakwenda kwa Hiribae: alitoka lini, kwa nini, mara ya mwisho alikuwa wapi. Na Dama atajibu nini? Akainuka, akachukua vikombe, akaenda kuviosha. Aliviosha sana.

Ijumaa ikaja ikapita. Hiribae alikuwa amechelewa, ng'ombe wake mguu umemzidi. Asubuhi alikuta Dama anachemsha ngozi, akatazama ndani ya sufuria, akaguna.

"Nani alikufundisha hii? Ngozi hujaipara. Nyama bado iko. Ndiyo inanuka hivi."

"Inanuka kidogo tu."

"Dada, nimesikia harufu kabla sijaona mto."

Akachukua kisu akaipara mwenyewe, upesi, mikono inayojua. Gundi iliyotoka ilikuwa safi kama asali, na nakala ya arobaini ikasomeka. Majirani wakarudisha mikeka yao. Toka siku hiyo Gumato akawa analaza karatasi, Dama anazinyanyua, mmoja upande huu wa sahani na mwingine upande ule, na Gumato alikuwa na wimbo wa kunyweshea mifugo ambao ulikwenda sawasawa na kazi: laza, nyanyua, laza, nyanyua. Dama alijikuta anauimba hajui maana yake.

"Nisomee anasema nini leo," Gumato huomba.

Dama husoma. Gumato hucheka, akiziba mdomo kwa kanga, halafu humsimamisha.

"Hapana. Hapo amekasirika, na wewe unampa maneno mengi. Hiribae akikasirika ananyamaza. Anatoka nje anachonga fimbo. Nyumba yetu ilijaa fimbo."

"Basi nimwache anyamaze?"

"Mpe fimbo."

Dama akampa fimbo. Ukurasa ule ukawa mzuri kuliko yote aliyoandika, na hapo alipaswa kushtuka, kwamba dada mtu anarekebisha barua za ndugu yake kwa kalamu ya mtu mwingine wala haulizi. Hakushtuka. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu akipata wa kusema naye, hapekui. Jioni walikula pamoja wali na samaki, Gumato akamsema kwa kutia chumvi nyingi, naye Dama akafurahi kusemwa. Kisha chai. Kisha kikombe chini, mikono mapajani, macho yanangoja. Kisha Dama anainuka na vikombe.

Siku ya kumi Gumato alisema, "Ng'ombe zangu ziko kwa watu. Siku ya soko nitavuka."

"Na Hiribae?"

"Nimemsikia. Inatosha."

Dama hakulala vizuri. Kabla jogoo hajawika alikuwa mezani jikoni, taa ya chemni mbele yake, akiandika ukurasa mmoja zaidi wa Hiribae, ingawa vitabu vilikuwa vimeshashonwa. Uliandikwa kwa taabu, mdomo ukitembea, kalamu ikisimama. Gumato alikuwa kwenye mkeka wake kando ya mlango wa jiko, amejifunika gubigubi. Ulipokwisha, Dama aliukunja mara nne kama barua iliyosafiri, akaukunjua, akaukunja tena ili uchakae.

Siku ya soko Garsen ilijaa. Ng'ombe wa Bishar walikuwa wameziba barabara, wanawake wa Wema wameshusha ndizi, wafugaji wamesimama kwa mguu mmoja na fimbo. Dama alipanda juu ya sanduku la chai mbele ya duka la Elmi, vitabu kumi na tano vimepangwa miguuni pake, uzi wa mkonge umechomoza kama masharubu.

"Jamani! Hiki ndicho kitabu cha kwanza cha mto huu! Ndani yake hamna neno ambalo halikuonwa na mtu!"

"Hodari, Mama Gazeti!" Elmi akapiga kelele. "Lakini kitabu hakifungi sukari!"

Akawasomea ile ya feri, wakacheka. Akawasomea ya fimbo, wakacheka, kisha mzee mmoja akajifuta jicho. Gumato alikuwa amesimama pembeni, kibuyu chake mgongoni, tayari kwa safari. Dama akamwona. Akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Na hii ni barua iliyofika jana jioni, na mtumbwi wa Idsowe. Imeandikwa kwa dada yake, ambaye yuko hapa." Watu wakageuka kumtazama Gumato. Dama akasoma. "Dada yangu. Nimekwenda malisho ya mbali, sitarudi mpaka mvua za vuli. Usivuke mto. Ng'ombe zako zitatazamwa na watu wetu. Wewe kaa Garsen, kwa mwenye gazeti, umsaidie kazi yake, mpaka nije. Nyumba yake ni kubwa mno kwa mtu mmoja..."

"Ngoja, mama," akasema Bishar.

Alikuwa amesogea mbele, ndevu zake nyekundu zinang'aa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na udadisi, na huo ndio mbaya zaidi.

"Jana jioni mimi nilikuwa hapa mpaka magharibi. Mtumbwi wa Idsowe sijaona. Sasa labda ulipita nyuma yangu. Lakini dada wa mtu si huyu hapa? Tumuulize yeye."

"Kaka, ana safari, tusimchoshe..."

Bishar alishamgeukia Gumato. Akamwamkia kama inavyopasa, polepole, mbele ya watu wote, nyumbani, watoto, ng'ombe, na kwa kila swali Gumato akajibu nagaa. Elmi alikuwa na birika. Bishar akanyoosha mkono akapokea kikombe, akampa mgeni. Gumato akanywa. Soko zima likamngoja anywe. Akaweka kikombe kwenye kizingiti cha duka.

"Na nyuma ya amani kuna nini?" Bishar akauliza, sauti ndogo kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Mtu akiulizwa hivyo mbele ya watu, hana njia mbili. Gumato aliunganisha mikono yake. Hakumtazama Bishar, alimtazama Dama juu ya sanduku.

"Hiribae amekufa," akasema. "Mwaka wa juzi, kwa homa. Mimi na mume wangu tulimzika, mikono hii ilichimba. Ng'ombe mweupe tuliuza. Halafu watu wakaja, wakasema Hiribae anaongea Garsen, anachekesha watu. Nikasema, acha niende nisikie. Nimekuja, nimesikia. Siku kumi na moja nimenywa chai kwa huyu dada, nikaweka kikombe, nikangoja aniulize. Hakuniuliza."

Hakuna aliyecheka. Ng'ombe mmoja alilia kwenye barabara, akanyamazishwa.

"Na hiyo barua?" akauliza Bishar. "Mtumbwi?"

"Hakuna mtumbwi. Ameandika leo alfajiri, kwenye meza ya jikoni, taa iko hapa, wino uko hapa. Sijui kusoma, lakini yeye akiandika anasema, na mimi nina masikio." Kisha akaacha kusema na Bishar, akasema na Dama, kama walivyokuwa wakisemezana juu ya sahani. "Ulipofika pale pa kusema nikae, dada, ukakwama. Ukarudia mara tatu. Ukainua kichwa ukanitazama, muda mrefu. Ukadhani nimelala."